Setilaiti Iliyosimama Utosini mwa Itigi

Itigi ni mji mdogo wa Mkoa wa Singida, ulio kwenye Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kati ya mwaka 1905 na 1914. Katika ramani utauona kwenye latitudo ya nyuzi 5 na dakika 42 kusini mwa ikweta, na longitudo ya nyuzi 34 na dakika 29 mashariki. Wataalamu wa mimea wanalijua jina la mji huu kwa sababu ya vichaka vya Itigi, yaani uoto mfupi uliosongamana mno, ambao ni nadra kupatikana kwingineko duniani. Mtu akiingia katika vichaka hivyo bila kuijua njia hupotea upesi. Haoni kilima wala mnara wa kumwongoza, na jua la adhuhuri likiwa utosini halimwambii kaskazini ni wapi.

Tarehe 10 Machi 2016 nchi ya India ilirusha angani setilaiti ya kuongozea njia iitwayo IRNSS-1F. Setilaiti hiyo ilipangiwa mahali pa kudumu juu ya ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 32.5 mashariki. Lau mtu angeweza kuteremsha timazi kutoka mahali hapo hadi ardhini, timazi hilo lingegusa maji ya Ziwa Victoria, kusini kidogo ya Entebbe, nchini Uganda. Kutoka hapo hadi Itigi ni kama kilomita 670 tu. Kwa hiyo, kwa mtu wa Itigi, mahali pa setilaiti hiyo pako karibu utosini, ilhali kwa mtu wa India pako mbali upande wa magharibi.

Msomaji hana budi kujiuliza maswali matatu. Je, chombo kinawezaje kusimama angani bila kuanguka? Je, kinamwelezaje mtu mahali alipo? Na kwa nini India ikiweke chombo chake juu ya vichwa vyetu, badala ya kukiweka juu ya vichwa vya watu wake? Jibu la swali la tatu ndilo kiini cha makala haya, lakini halieleweki mpaka yale mawili ya kwanza yajibiwe.

Kusimama huku ikikimbia

Kwa kweli setilaiti hiyo haisimami. Inakimbia kwa kasi ya kilomita 3.07 kila sekunde, yaani zaidi ya kilomita 11,000 kwa saa. Inaonekana kusimama kwa sababu inaizunguka dunia katika muda ule ule ambao dunia yenyewe huuchukua kujizungusha kwenye mhimili wake, na kwa kuelekea upande ule ule, yaani kutoka magharibi kwenda mashariki. Ni kama watoto wawili waliokaa kwenye pembea moja ya kuzunguka: kila mmoja anamwona mwenzake yuko pale pale, ingawa wote wawili wanakwenda.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kukokotoa wenyewe umbali unaotakiwa. Kani ya mvutano wa dunia ndiyo inayoivuta setilaiti kuelekea katikati na kuizuia isitoroke. Tukilinganisha kani hiyo na ile inayohitajika ili kitu kizunguke katika duara, tunapata kanuni hii:

r³ = GMT² ÷ 4π²

Hapa r ni umbali kutoka kiini cha dunia, T ni muda wa mzunguko mmoja, na GM ni mvutano wa dunia, ambao ni 3.986 × 10¹⁴ kwa vizio vya mita na sekunde. Muda wa T haupaswi kuwa saa 24 kamili. Dunia hujizungusha mara moja, ikipimwa kwa nyota, katika sekunde 86,164, yaani saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Mwanafunzi akiweka tarakimu hizo mahali pake atapata r ya kilomita 42,164. Akitoa nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta, ambacho ni kilomita 6,378, atabaki na kimo cha kilomita 35,786.

Kimo hicho hakina mbadala. Setilaiti iliyo chini yake huzunguka upesi zaidi na kuitangulia dunia, na iliyo juu yake huchelewa. Kadhalika, mzingo wake, yaani njia yake ya kuzunguka, lazima uwe juu ya ikweta. Mzingo ukiinama, setilaiti hupanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, na kwa mtazamaji aliye ardhini huchora umbo linalofanana na tarakimu 8. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Syncom 2 ya Marekani, iliyorushwa mwaka 1963. Ni setilaiti hiyo iliyopitisha mazungumzo ya simu kati ya Rais Kennedy na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, mwezi wa Agosti mwaka huo. Setilaiti ya kwanza kusimama barabara juu ya ikweta ilikuwa Syncom 3, ya mwaka 1964.

Safari ya kufika huko

IRNSS-1F ilirushwa kwa roketi ya aina ya PSLV kutoka kituo cha Sriharikota, kwenye pwani ya mashariki ya India. Ilipoondoka ardhini ilikuwa na uzito wa kilogramu 1,425. Zaidi ya nusu ya uzito huo ilikuwa mafuta, kwani chombo chenyewe kikiwa kitupu ni kama kilogramu 600 tu. Mafuta hayo yalikuwa ya lazima kwa sababu roketi haikuifikisha setilaiti mpaka mwisho wa safari. Iliiacha katika mzingo mrefu wenye umbo la yai, ambao sehemu yake ya chini ilikuwa chini ya kilomita 300 kutoka ardhini, na ya juu ilizidi kidogo kilomita 20,000. Kutoka hapo setilaiti ilitumia injini yake yenyewe, mara kwa mara, mpaka njia yake ikawa duara na kimo kikafika kile tulichokikokotoa.

Hata baada ya kufika, kazi haikuisha. Mvutano wa mwezi na wa jua huuinamisha mzingo kidogo kidogo, na kwa setilaiti za kundi hili mwinamo usiozidi nyuzi 5 ulikubaliwa. Tena, ikweta ya dunia si duara kamili. Kasoro hiyo ndogo huzivuta setilaiti taratibu kuelekea longitudo fulani, mojawapo ikiwa ile ya nyuzi 75 mashariki, karibu na ncha ya kusini ya India. Kwa hiyo setilaiti iliyowekwa juu ya Ziwa Victoria, ikiachwa bila kuangaliwa, huanza kusogea mashariki. Injini ndogo ndogo huwashwa ili kuirudisha mahali pake. Mafuta yakikaribia kwisha, desturi ni kuipandisha setilaiti kilomita mia kadhaa zaidi, ili iondoke njiani na kuwaachia nafasi wengine.

Nguvu za umeme za chombo hiki zilitoka kwenye mabapa mawili ya jua yenye uwezo wa wati 1,660. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, setilaiti ya namna hii huingia katika kivuli cha dunia kila usiku kwa majuma kadhaa, na kivuli hicho huweza kudumu zaidi ya saa moja. Kwa longitudo ya nyuzi 32.5, katikati ya giza hilo huwa yapata saa saba kasorobo usiku kwa saa zetu. Wakati huo betri ndiyo inayoiendesha.

Jaribio la ua wa shule

Mahali pa setilaiti hii panaweza kuonyeshwa kwa wanafunzi bila chombo chochote cha gharama. Kwa hesabu za pembetatu, kutoka Itigi mahali hapo pana mwinuko wa nyuzi 83 juu ya upeo wa macho. Maana yake ni kwamba pamepungua nyuzi 7 tu kufika utosini, kuelekea kaskazini na kidogo magharibi.

Simika mti wa mita moja, ulionyooka kwa timazi, katika uwanja ulio tambarare. Ngoja siku mbili baada ya tarehe 21 Machi, dakika chache kabla ya saa saba mchana, au tarehe 20 Septemba, saa saba kasorobo mchana. Katika nyakati hizo jua hupita karibu kabisa na mahali ilipopangiwa setilaiti, kwa jinsi paonekanavyo kutoka Itigi. Kivuli cha mti kitakuwa kifupi, kama sentimita 12 na nusu, nacho kitaelekea kusini na kidogo mashariki. Funga uzi kutoka ncha ya kivuli hadi ncha ya mti. Uzi huo utaelekea mahali tunapopazungumzia. Wanafunzi waonywe wasilitazame jua lenyewe, bali kivuli peke yake.

Jaribio hili linaeleza pia jambo ambalo wengi wamelizoea bila kujiuliza sababu yake. Madishi ya televisheni katika miji yetu hutazama juu karibu wima, kama sufuria zilizowekwa kukinga mvua, ilhali katika nchi za Ulaya huegemea upeo wa macho. Sisi tunaishi karibu na ikweta, na setilaiti zinazosimama zipo juu ya ikweta.

Saa ndiyo moyo wa setilaiti

Setilaiti ya kuongoza njia haimtazami mtu wala haijui alipo. Kazi yake ni kutangaza mambo mawili bila kukoma: mahali ilipo yenyewe, na saa kamili ya kutoka kwa tangazo hilo. Kipokezi kilicho mkononi mwa msafiri husikiliza, hupima muda ambao tangazo limechukua njiani, kisha huuzidisha kwa kasi ya mwanga, ambayo ni kilomita 299,792 kwa sekunde. Matokeo yake ni umbali. Kutoka mahali pa IRNSS-1F hadi Itigi ni kama kilomita 35,830, na mawimbi ya redio huupita umbali huo katika sekunde 0.1195.

Umbali mmoja hautoshi. Unamwambia msafiri kwamba yuko mahali fulani juu ya uso wa tufe kubwa ambalo kiini chake ni setilaiti. Umbali wa pili hulikata tufe hilo, na wa tatu hulikata tena. Kwa kuwa saa ya kipokezi ni ya bei ndogo na haiaminiki, setilaiti ya nne huhitajika ili kuisahihisha. Hivyo kuna mambo manne yasiyojulikana, yaani latitudo, longitudo, kimo na kosa la saa, na milinganyo minne ya kuyatafuta.

Msomaji ataona mara moja kwamba mambo yote yanategemea saa. Saa ya setilaiti ikikosea kwa sehemu moja tu kati ya milioni ya sekunde, umbali utakosewa kwa mita 300. Ndiyo sababu kila setilaiti ya kundi hili ilipewa saa tatu za atomi za rubidi, ili moja ikiharibika nyingine ishike zamu.

Saa hizo zina jambo lingine la ajabu. Nadharia za Einstein zinasema kwamba saa iliyo mbali na mvutano wa dunia hukimbia kuliko iliyo ardhini, na kwamba saa iendayo kwa kasi huchelewa. Katika kimo cha kilomita 35,786, athari ya kwanza huizidi sana ya pili. Saa ya setilaiti hutangulia kwa takriban sehemu 46 kati ya milioni za sekunde kila siku. Kosa hilo lisiporekebishwa, umbali ungekosewa kwa kilomita 14 hivi kwa siku moja tu, nao ni mwendo wa kutosha kumpoteza mtu kabisa ndani ya vichaka vya Itigi.

Mawimbi ya namna mbili

IRNSS-1F ilijengwa ili kutangaza kwa masafa mawili: megahezi 1,176.45 na megahezi 2,492.028. Kuna sababu nzuri ya kutumia mawili badala ya moja. Kabla ya kufika ardhini mawimbi hupita katika ionosfia, yaani tabaka la juu la hewa ambalo mwanga wa jua umezibandua elektroni kutoka katika atomi zake. Elektroni hizo huyachelewesha mawimbi, na kucheleweshwa huko hupungua kadiri masafa yanavyopanda, kwa kufuata mraba wake. Kwa masafa haya mawili, wimbi la chini hucheleweshwa kama mara nne na nusu kuliko la juu. Kipokezi kinachosikia yote mawili hupima tofauti yao, kisha huuondoa ucheleweshaji wenyewe. Jambo hili lina uzito zaidi kwetu, kwa kuwa ionosfia ya nchi za tropiki hubadilika sana, hasa kuanzia machweo.

Mbali na mitambo hiyo, setilaiti ilibeba kifaa cha kupimia umbali wake kutoka vituo vya ardhini, pamoja na vioo maalumu vinavyorudisha mwanga wa leza kule kule ulikotoka. Kwa njia hizo wahandisi walijua mahali ilipo, kwani setilaiti isiyojulikana ilipo haiwezi kumwonyesha mtu mahali alipo.

Kwa nini juu yetu?

Sasa tunaweza kulijibu swali la tatu. Serikali ya India iliidhinisha mradi wake wa setilaiti za kuongoza njia mwaka 2006, ili isitegemee mfumo wa nchi nyingine peke yake. Setilaiti saba za kwanza zilirushwa kati ya mwaka 2013 na 2016, na IRNSS-1F ilikuwa ya sita. Mwaka 2016 mfumo huo ulipewa jina la NavIC, ambalo lakumbusha neno la Kihindi lenye maana ya baharia. Shina la neno hilo ni la chombo cha majini, nalo ni ndugu wa neno la Kiajemi lililotupatia sisi neno nahodha.

Tuchukue karatasi na bikari. Tuweke nukta mbili zilizo karibu karibu, kisha kutoka kila moja tuchore sehemu ya duara kubwa. Duara hizo zitakutana kwa kulaliana, na kosa dogo la umbali litakisogeza kituo cha kukutania mbali sana. Tukiziweka nukta hizo pande mbili tofauti, duara zitakatana vizuri, na kosa lile lile dogo litaleta madhara madogo. Basi, ubora wa kipimo hautegemei wingi wa setilaiti wala ukaribu wake, bali jinsi zilivyotawanyika machoni pa mtazamaji.

Mtu aliye Bengaluru, kusini mwa India, hupaona mahali pa IRNSS-1F upande wa magharibi, kwenye mwinuko wa nyuzi 36 hivi. Mahali pengine palipopangwa, kwenye longitudo ya nyuzi 83, pako juu ya kichwa chake. Pa tatu, kwenye nyuzi 129.5, pako mashariki, kwenye mwinuko wa nyuzi 29. Kwa hiyo ana nguzo ya magharibi, ya juu na ya mashariki. Nguzo yake ya magharibi haikuweza kusimikwa juu ya India. Ililazimika kwenda mbali, na huko mbali ndiko juu ya Ziwa Victoria.

Lakini nguzo hizo tatu zina upungufu mmoja: zote zipo juu ya ikweta. Itigi ipo nyuzi 5 na dakika 42 kusini mwa ikweta. Tukienda kaskazini mwa ikweta kwa kiasi hicho hicho, katika longitudo ile ile, tunafika mashariki mwa Sudan Kusini. Mahali hapo na Itigi pameachana kwa kilomita 1,260 hivi, lakini umbali wa kutoka kila mojawapo hadi setilaiti yoyote iliyo barabara juu ya ikweta ni sawasawa. Setilaiti za namna hiyo peke yake haziwezi kumtofautisha mtu wa Itigi na mtu wa huko. Wahandisi wa India walilijua hilo. Setilaiti nne kati ya zile saba ziliwekwa katika mizingo iliyoinama kwa nyuzi 29, inayoikata ikweta kwenye longitudo za nyuzi 55 na 111.75, ili zipande kaskazini na kushuka kusini zikichora ile tarakimu 8.

Na mtu wa Itigi je? Eneo pana la huduma ya NavIC lilipangwa kati ya longitudo za nyuzi 30 na 130 mashariki, na kati ya latitudo za nyuzi 30 kusini na 50 kaskazini. Itigi imo ndani ya eneo hilo, lakini imebakiwa na kama nyuzi nne na nusu tu kufika mpaka wake wa magharibi. Setilaiti iliyo utosini ina faida kwake. Mawimbi yake hupenya majani na matawi kwa njia fupi kuliko yote, na hupima hasa tofauti ya kimo. Lakini nyingine zote ziko upande wa mashariki. Mahali pa nyuzi 129.5 hapaonekani kabisa kutoka Itigi, kwa kuwa pamefichwa na mviringo wa dunia, na upande wa magharibi hakuna hata setilaiti moja ya mfumo huo. Kwa hiyo setilaiti iliyo karibu naye kuliko zote haitoshi kumwongoza. Simu iliyo mfukoni mwake hutegemea zaidi mifumo iliyoenea dunia nzima, kama GPS ya Marekani, ambayo setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 na kuja kutoka pande zote za anga.

Nani mwenye mahali hapo?

Mtu anaweza kusema kwamba, kama setilaiti imewekwa juu ya nchi fulani, basi nchi hiyo ina haki ya kuulizwa. Hoja hiyo ilikwisha kutolewa rasmi. Tarehe 3 Desemba 1976, katika mji wa Bogotá, baadhi ya nchi za ikweta zilitoa tamko la kudai kwamba sehemu ya mzingo huo iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao ya asili. Miongoni mwao zilikuwamo Colombia, Ecuador, Indonesia, Kongo, Zaire, na majirani zetu Uganda na Kenya. Mataifa mengine hayakulikubali dai hilo. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema kwamba hakuna dola inayoweza kujimilikisha anga za juu. Mahali pa setilaiti na masafa yake ya redio huratibiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, chini ya Umoja wa Mataifa.

Tamko la Bogotá halikubadili sheria, lakini wasiwasi uliolizaa ulikuwa wa haki. Mzingo huo ni mmoja tu, kimo chake hakibadiliki, na nafasi zake zina kikomo. Nchi iliyotangulia kujenga setilaiti ilitangulia pia kupata mahali.

Funzo lililobaki

Kumiliki mfumo wa namna hii si jambo la kufanya mara moja na kumaliza. Mwezi wa Januari 2017 wakuu wa anga wa India walithibitisha kwamba saa zote tatu za setilaiti yao ya kwanza zilikuwa zimeharibika. Setilaiti iliyorushwa mwezi wa Agosti mwaka huo ili kushika nafasi yake haikufika, kwa sababu kifuniko cha roketi hakikufunguka. Tarehe 29 Mei 2023 India ilirusha setilaiti ya kizazi kipya, NVS-01, yenye saa ya atomi iliyotengenezwa nchini humo. Iliyofuata, ya Januari 2025, haikuweza kuufikia mzingo wake. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya India ililiarifu Bunge lake kwamba, kati ya setilaiti 11 zilizokwisha kurushwa, ni 4 tu zilizokuwa zikitoa huduma kamili ya kuongoza njia. Nne ni idadi ile ile ya chini kabisa tuliyoiona katika milinganyo. Ikipungua moja, milinganyo haitatuki.

Kwa hiyo mwalimu anapowaonyesha wanafunzi ile nukta ndogo ya buluu kwenye ramani ya simu, inafaa awaeleze kwamba nukta hiyo si jambo la kudumu kama mlima. Ni jibu la hesabu, linalotegemea saa zinazotunzwa na nchi nyingine na mahali palipochaguliwa kwa faida ya watu wengine. Mfugaji nyuki anayeingia katika vichaka vya Itigi na simu mkononi hufanya vyema kuitumia. Lakini hufanya vyema zaidi akijua pia kulisoma jua na nyota, kama walivyofanya manahodha wa pwani yetu, ili saa za wengine zikinyamaza naye asipotee.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa kutumia kanuni iliyotolewa, kokotoa muda wa mzunguko mmoja wa setilaiti iliyo kwenye kimo cha kilomita 20,200. Je, inalipita anga la Itigi mara ngapi kwa siku?

2. Saa ya setilaiti imekosea kwa sehemu moja kati ya bilioni ya sekunde. Umbali utakosewa kwa sentimita ngapi?

3. Tafuta latitudo na longitudo ya shule yako. Je, mahali pa longitudo ya nyuzi 32.5 juu ya ikweta pako upande gani wa utosi wako?

4. Eleza kwa mchoro kwa nini setilaiti tatu zilizo juu ya ikweta haziwezi kumtofautisha mtu wa Itigi na mtu wa mashariki mwa Sudan Kusini.